Pesa za Vidole

Siku ya tatu baada ya kumzika Wafula, binti yake Nanjala alikuja kwangu akiwa amebeba kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa cha meza na kukazwa kwa kamba ya katani. Hakutaka kukaa. Alisema baba yake alikuwa amemwagiza aniletee mimi na si mtu mwingine, kisha akaniuliza, kwa upole wa mtu aliyechoshwa na wageni wa matanga, kama nilijua kilichokuwa ndani. Nilijua kabla sijakigusa. Nilijua kwa ukubwa wake, upana wa sahani ya kupakulia wali, na kwa jinsi alivyokishika kwa mikono miwili kana kwamba kingemwagika. Nikamwambia, "Najua, mwanangu." Akasubiri nimweleze, nami sikumweleza. Nimetumika kanisani kwa miaka mingi kuliko umri wa Nanjala. Nimewazika wengi, nimewasikiliza wengi wakitubu, na namshukuru Mungu kwa kila siku aliyoniongezea. Lakini kifurushi kile nilikiweka juu ya kabati siku nne nzima, na kila nilipopiga magoti kusali nilihakikisha nimekipa mgongo.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ulikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, mwaka wa mvua isiyokoma. Mimi na Wafula tulikuwa tumepanga chumba kimoja katika mtaa wa Huruma, Nairobi, orofa ya nne. Vitanda vilikuwa viwili, kimoja kila upande, na katikati nafasi ya kuweka jiko la mafuta ya taa na miguu ya watu wanne iwapo wageni wangekaa vizuri. Kuta zilitoa jasho. Dirisha lilitazama ukuta wa jengo jirani, karibu sana hivi kwamba mama wa ng'ambo aliweza kutupitishia kiberiti bila kujinyoosha. Upepo ukitoka upande wa machinjio ya Kiamaiko, harufu ya mbuzi iliingia na kukaa ndani ya blanketi. Mbele ya mlango kulikuwa na kibaraza cha zege chenye kamba za nguo, kila chumba na kamba yake. Mimi mchana nilifanya kibarua katika ghala la sabuni, na jioni nilisoma masomo ya Maandiko yaliyotumwa kwa posta, nikijitayarisha kwenda chuo cha kanisa. Kwa sababu hiyo Wafula aliniita Pasta, miaka miwili kabla mtu mwingine yeyote hajaniita hivyo, na kwake yeye lilikuwa jina la kunitania.

Wafula alifanya kazi katika kiwanda cha sufuria. Mwezi wa pili wa mwaka ule, mashine ya kukandamiza bati ilishuka kabla ya wakati, ikachukua vidole vinne vya mkono wake wa kulia na kumwachia gumba. Nakumbuka siku aliporudi kutoka hospitali. Alikaa kitandani, akautazama ule mkono uliofungwa bandeji, akasema, "Gumba wamelisahau. Huenda wakarudi kulichukua." Nilipika chai, na kwa kuwa sikujua la kusema nikaitia sukari mara mbili. Aliinywa yote bila kulalamika. Tangu utotoni alikuwa ametaka jambo moja tu, kuendesha lori, yale makubwa yanayotoka bandarini kwenda mpakani. Pesa za kujifunza udereva alikuwa ameanza kuzikusanya. Baada ya ajali hakulitaja lori tena, lakini lilipopita moja barabarani likizomea kwa breki zake, nilimwona akiacha kutafuna.

Mwezi wa tano wakili akampatia fidia. Haikuwa kubwa. Mtaani ziliitwa pesa za vidole, na kila mtu alikuwa na mpango nazo. Ukuta uliotutenganisha na Mama Nekesa ulikuwa wa mbao nyembamba, na jioni moja tulipokuwa tunakula ugali na omena tuliusikia mjadala mzima.

"Anunue ng'ombe wawili awapeleke nyumbani," alisema mmoja.

"Ng'ombe wa nani? Afungue kibanda cha sukuma wiki hapo chini."

"Na hiyo sukuma ataikatakata na mkono gani?"

Kicheko kikazuka, kisha kikakatika ghafla, kwa maana walikumbuka ukuta. Wafula akameza, akainua sauti akiuelekea ule ukuta: "Nitaikata na meno, Mama Nekesa! Ni safi, nimesugua leo!" Upande wa pili wakacheka tena, safari hii kwa aibu, na muda si muda Mama Nekesa akatuletea bakuli la maziwa lala bila kusema ni ya nini.

Mpango wake mwenyewe ulishangaza kila mtu. Pale ofisini kwa wakili, alipokuwa akisubiri siku baada ya siku, alikuwa amemwona karani akicheza mchezo wa magari kwenye kompyuta. Barabara ilikuwa inakuja, milima inapita, na gari lilikuwa linakata kona kwa kubonyezwa tu vitufe vya mishale. Karani akamwachia ajaribu. "Vidole vitatu, Pasta," aliniambia usiku uleule, uso wake umewaka. "Kimoja cha kwenda mbele, viwili vya kona. Mimi ninavyo vitano upande huu, vinabaki vya akiba!" Kununua kompyuta nzima kusingewezekana. Lakini karani alikuwa amemwambia kwamba mjini kuna watu wanaouza vipande vyake kimoja kimoja, vilivyotumika, vitu vya ofisi zilizofungwa ng'ambo, na mtu mwenye subira anaweza kuviunganisha mwenyewe. Baadaye, alisema, vijana wa mtaa wangelipa kidogo kuja kucheza, na hivyo angepata riziki. Lakini nilimjua. Riziki ilikuwa ya kuwaeleza watu. Yeye alitaka kuendesha.

Nilimwonya. Nilimwambia michezo ile ni ya dunia, na pesa zilizotoka kwenye mwili wa mtu hazifai kuchezewa. Akanijibu, "Pasta, mwili ni wa nani?" Masomo yangu ya posta yalikuwa na jibu la swali hilo lakini halikuwa la kumwambia mtu mwenye bandeji.

Orodha aliiandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, na ndiyo yaliyokuwa maandishi yake ya kwanza tangu ajali. Herufi zilikuwa zimelala huku na kule kama ng'ombe waliochoka. Jumamosi tatu mfululizo tulikwenda nayo mjini, kwenye jengo moja kuukuu lenye vibanda orofa ya pili, kwa muuzaji aitwaye Kamau. Alikuwa na umri kama wetu, amevaa koti la kazi la kijivu lenye kalamu nne mfukoni. Nilitarajia mlaghai, nikakutana na mtu aliyempunguzia mteja matumizi. Wafula alipotaka ubongo wa kompyuta wenye kasi kuliko yote, Kamau alitikisa kichwa. "Kastama, ukinunua huo, huna pesa ya memori. Ni kama kumjengea mtu nyumba ya orofa halafu umnyime choo. Chukua huu wa kadiri. Pesa peleka kwa kadi ya picha. Si wataka barabara ionekane?"

"Nataka nione hata mawe."

"Basi ni kadi."

Hivyo ndivyo tulivyochagua. Spika tukaziacha, gari lingekimbia kimya. Skrini tulichukua ndogo, yenye mstari wa rangi ya samawati uliokatiza juu, kwa sababu kutokana na kasoro hiyo bei ilikuwa imeshuka. Sanduku la bati la kuvifunika vyote tuliliacha pia, na nyumbani Wafula akatengeneza la mbao kwa kutumia kreti la nyanya. Diski ikawa ya ukubwa wa kutosha mchezo mmoja. Kamau mwenyewe alitupatia mchezo huo, nakala ya sidii iliyokwaruzika, akasema ni zawadi. Kilichobaki mwisho, na kilicho muhimu kuliko vyote, ni bodi, ule ubao wa kijani ambao vipande vingine vyote huchomekwa juu yake. Jumamosi ya tatu Kamau aliiunganisha mbele yetu, akawasha umeme, na feni ndogo ikazunguka. "Umeona? Inapumua," akamwambia Wafula. "Ikitoka hapa ikafa, umeiua wewe." Tukacheka. Kisha akageuka kuifunga kwenye gazeti, mgongo wake ukiwa umetuelekea, na Wafula akanikanyaga mguu kidogo, kwa maana jijini sote tuliujua mtindo wa kuonyeshwa kitu kizima na kufungiwa kingine.

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika. Ushirika wetu wa Jumatano ulikutana chumbani kwa Mama Nekesa. Alikuwa mwanamke wa sala, na hadi leo simlaumu. Alikuwa na desturi ambayo sote tuliifuata. Nguo yoyote ya mtumba, kabla ya kuvaliwa, ililowekwa kwenye beseni la maji ya chumvi na kuombewa, kwa sababu hakuna aliyejua ilivuliwa mwilini mwa nani, au kama mwenyewe alikufa akiwa ameivaa. Alikumbuka yule nabii wa kwenye Maandiko aliyeiponya chemchemi kwa chumvi. Hivyo ndivyo tulivyooshewa mashuka, viatu, hata sufuria. Jumatano ile aliniuliza, "Hizo vitu za ndugu yako zimetoka wapi?"

"Ng'ambo, Mama. Kwa ofisi zilizofungwa."

"Watu walilia hapo," akasema. "Ofisi haifungwi bila mtu kulia."

Neno lile lilinikaa rohoni usiku kucha. Nilimwona Wafula amelala, mkono wake mbovu umelala juu ya kifua chake, na vile vipande vimepangwa chini ya kitanda, nikawaza machozi ya watu wasiojulikana yakiamka ndani ya chumba chetu. Alhamisi akaenda hospitali kusafishwa kidonda. Sikwenda kazini. Nilichota maji, nikatia viganja viwili vya chumvi, nikaifungua ile bodi na kuilaza ndani ya beseni. Nilipiga magoti, nikamwombea Wafula kwa moyo wangu wote, nikiitaja kazi atakayoipata na furaha atakayoipata. Sijapata kuomba sala ya kweli kuliko ile. Kisha nikaitoa bodi, nikaipangusa kidogo, nikaianika kibarazani kwenye kamba yetu kwa vibanio viwili, kando ya suruali yangu. Jua lilitoka kwa muda wa saa moja. Mvua ilipoanza nikaiingiza ndani, nikaifuta kwa fulana, nikairudisha kwenye gazeti lake nikifuata mikunjo ileile ya Kamau.

Nimeitafakari mikunjo ile kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Kama niliamini nimetenda jambo jema, kwa nini nilifuata mikunjo ileile?

Jumamosi mchana Wafula akaunganisha kila kitu kwa mkono mmoja, mimi nikimshikia skrubu. Mlangoni walijaa majirani. Mama Nekesa alikaa kitandani kwangu na kitabu chake cha nyimbo. Wafula akapangusa jasho, akatutazama kama bwana harusi, akabonyeza swichi. Kitu kikalia, tik, mara moja. Ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Skrini ilibaki nyeusi. Alijaribu tena na tena hadi giza likaingia na watu wakaondoka mmoja mmoja wakiwa wameinama, kama wanavyoondoka kwenye nyumba ya msiba. Alipoitoa ile bodi alikuta madoa meupe kandokando ya vile vidude vidogo. "Hii siyo," akasema polepole. "Hii siyo niliyoonyeshwa. Yule msee alinibadilishia akinipa mgongo." Akanitazama. "Wewe pia uliona, Pasta. Si uliona akitupa mgongo?"

Nikasema, "Niliona."

Lilikuwa neno la kweli, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ule. Nilijiambia pengine si chumvi. Nilijiambia nitamweleza kesho, baada ya ibada, akiwa ametulia. Jumapili ikapita. Jumatatu asubuhi tulikuwa tunapanda ngazi za lile jengo, yeye mbele, mimi nyuma na bodi mkononi.

Kamau aliipokea, akaigeuzageuza karibu na taa. Akaguna. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akaitoa ncha ya ulimi na kuonja lile doa jeupe. Macho yake yalipanuka. "Hii ni chumvi," akasema. "Nyinyi, mmeitia chumvi?"

"Unanichezea," Wafula akasema.

"Haki ya mama, ni chumvi! Onja!"

Vijana waliokuwa wakizubaa kwenye ngazi walikuwa wameshasogea. "Cheki buda anakula bidhaa!" mmoja akapaza sauti, na wengine wakacheka. Wafula alidhani wanamcheka yeye. Wiki ile bandeji ilikuwa imetolewa. Akauinua ule mkono juu ya vichwa vya watu, wenye gumba moja na ngozi changa ya waridi, akasema kwa sauti iliyokuwa ikivunjika, "Nilimletea pesa za hivi vidole! Hivi! Na yeye ananiuzia takataka halafu ananiambia ati chumvi!" Kisha kutoka nyuma, kwa mtu ambaye hatukumwona, likatoka lile neno ambalo Nairobi halihitaji kusemwa mara mbili.

"Mwizi!"

Walimvuta Kamau juu ya meza yake. Kalamu zake nne zilimwagika. Nilimwona akinitafuta mimi kwa macho, si Wafula, mimi, kwa sababu nilikuwa nimesimama kimya na huenda alifikiri mtu aliye kimya ndiye mwenye busara. "Ndugu, waambie," akasema. "Inapumua, si mliiona inapumua?" Nilifungua mdomo. Ninamwambia ukweli msomaji wangu, nilifungua mdomo, na hakikutoka kitu. Walimsukuma kwenye ngazi. Zilikuwa ngazi za zege, na niliusikia mguu wake kabla sijamsikia yeye. Mlinzi wa jengo alifika na rungu, akafunga lango la chuma kati ya Kamau na watu, na hilo ndilo lililomwokoa. Huku juu watu walishaingia kibandani. Walitoka na nyaya shingoni, na feni, na vibodi vya vitufe kwapani. Mmoja alibeba kiti. Katika vurumai ile Wafula naye aliingia. Alipotoka alikuwa na bodi chini ya shati lake. "Hii ni yangu," akaniambia. "Nimechukua yangu tu."

Ile bodi ilifanya kazi. Jioni ileile skrini ikawaka, na chini ya ule mstari wa samawati ikaja barabara. Wafula alikigeuza kibodi upande ili mishale ikae chini ya mkono wake wa kushoto, akaegemea mbele, na gari likaondoka kimya, bila mlio, kama gari la ndotoni. Alipopita kona ya kwanza bila kugonga alitoa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwezi wa pili. Kwa muda wa wiki tatu alikuwa mtu mzima tena. Alikula. Alinyoa ndevu. Vijana wa orofa za chini walianza kuja, na aliwafundisha kukata kona kwa ukali wa mwalimu wa udereva: "We, punguza! Hapo mbele kuna kona, ama unataka kutuua?" Nilipotoka ghalani nilimkuta akiendesha, mwanga wa skrini ukicheza usoni mwake, na kila jioni nilipanga kumwambia, na kila jioni nilipika. Nilipika vizuri sana wiki zile. Nilinunua nyama ya mbuzi. Nilisonga ugali laini. Mama Nekesa alisema hajapata kuona mwanamume anayempenda ndugu yake hivyo.

Jumapili ya tatu nilisimamishwa kuomba kanisani, na ilipofika sehemu ya kuungama midomo yangu ilikauka mbele ya watu wote. Nilirudi nyumbani. Wafula alikuwa anaendesha. Nikasimama nyuma yake nikamwambia yote, kuanzia beseni. Hakugeuka. Gari lake lilipunguza mwendo, likaacha barabara, likasimama kwenye nyasi.

"Ulianika wapi?" akauliza.

"Kwenye kamba."

"Kando ya nini?"

"Suruali yangu."

Akacheka, kicheko kimoja kifupi, kama mtu aliyepigwa tumboni. "Kwa hivyo yule mtu alionja chumvi ya kweli."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa umesimama pale, wakimburuta."

"Nilikuwa nimesimama."

"Na mdomo ulikuwa nao."

"Nilikuwa nao."

Alizima. Akaifungua ile bodi palepale, skrubu baada ya skrubu, na nilipojaribu kumshikia alinisukuma kwa gumba lake. Aliifunga kwa kitambaa cha meza yetu. Kesho yake tulikwenda mjini pamoja, hatua kumi kati yetu. Kibanda kilikuwa na kufuli jipya. Mama aliyeuza kanda za nyimbo mkabala nacho alitutazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Kamau amelazwa. Mguu umevunjika mahali pawili. Kibanda kimepewa mtu mwingine, yeye hana tena cha kuuza." Kisha akaukodolea macho mkono wa Wafula. "Si nyinyi ndio mlikuja na kelele?" Tukashuka ngazi. Tulizunguka hospitali tatu, na katika zote hapakuwa na mtu wa jina hilo tuliyemtambua. Mwenye jengo alisema huenda alirudishwa kwao, na hakujua kwao ni wapi.

Wafula hakunifukuza, wala hakunisamehe kwa maneno. Alitundika pazia katikati ya chumba, na kwa muda uliobaki wa mwaka ule niliishi na kikohozi chake na kivuli chake. Skrini aliiuza. Kreti la nyanya likarudi kuwa la nyanya. Alipata kazi ya kulinda ghala, kazi aliyoifanya hadi uzeeni, na hakuendesha tena kitu chochote, cha kweli wala cha mchezo. Bodi ile hakuiuza wala hakuiwasha. Mimi nilikwenda chuoni mwezi wa kwanza uliofuata, Mungu akanipokea, nami sijui kwa nini. Mwaka wa nne Wafula alinialika kwenye harusi yake, akanikalisha meza ya mbele. Tulikuwa marafiki tena hadi kifo chake, na jina la Kamau tulilitaja mara chache, kwa sauti ya chini. Lakini ni yeye aliyekuwa akitafuta. Kila alipokutana na mlinzi mwenzake aliyewahi kufanya kazi mjini, aliuliza. Mimi, niliyehubiri toba katika makanisa sita, sikuuliza mtu.

Siku ya tano nilikitoa kifurushi juu ya kabati. Ndani ya kitambaa, juu ya bodi, palikuwa na karatasi yenye mwandiko wake wa kushoto, ambao kwa miaka ile ulikuwa umenyooka na kuwa mzuri: Kware, nyuma ya kinu cha unga, orofa ya tatu, uliza Kamau wa simu. Alikuwa amempata wakati miguu yake mwenyewe haiwezi tena ngazi.

Nilikwenda mtaa huo wa Kware, nikapanda ngazi nikisimama kila orofa kupumua. Maji ya nguo zilizoanikwa yalinidondokea kichwani. Ndani ya chumba chenye mlango wazi, kijana wa miaka thelathini hivi alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa, redio ikiimba kando yake, na nyuma yake kwenye kiti cha plastiki alikaa mzee aliyenyoosha mguu mmoja usiokunjika. Nilisema jina langu, ambalo halikumwambia kitu. Nikakifungua kifurushi nikakiweka mapajani mwake. Aliitazama bodi kwa muda. Akaipindua, akaisogeza kwenye mwanga, akapitisha kidole kandokando kama alivyofanya siku ile.

"Hii ilitoka kwangu," akasema.

"Ndiyo, mzee. Aliyeichukua amefariki. Aliitunza akikutafuta. Ile ya kwanza, ile uliyotuuzia, ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyeiharibu, na nilikuwa pale walipokuvuta, na nilijua, na nikanyamaza." Nilikuwa nimetayarisha maneno mengine, maneno ya kanisani, lakini hayo tu ndiyo yaliyotoka.

Hakunitazama. Midomo yake ilikuwa inatembea. "Niliwaambia," akasema mwishowe. "Niliwaambia hospitali, nikamwambia mke wangu hadi akafa. Walisema ni kichwa kiligonga ngazi." Akainua uso. "Ilikuwa chumvi?"

"Ilikuwa chumvi."

Aliushika mkono wa koti langu, kwa nguvu, kama mtu anayezuia mwingine asiondoke.

"Ngoja. Mwangi, zima hiyo redio." Kijana akazima, akageuka. Mzee hakuniachilia. "Sasa sema tena," akaniambia. "Huyu asikie."

Nikasema tena.